USINGIZI WA MGONJWA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Mimi si mganga, ni karani kama ninyi. Lakini jambo hili latupasa sote, kwa kuwa mkono wa karani ndio jembe lake. Akipatwa na kiharusi, mkono ule ukapooza, chakula cha nyumba nzima hutegemea jinsi atakavyopona.

Twajua ya kuwa mgonjwa wa namna hii hufundishwa upya mchana: kushika kikombe, kufunga kifungo, kuandika herufi. Wengi hudhani kazi hiyo hukoma jua likichwa. Sivyo. Mwaka 2009 wachunguzi wawili, Catherine Siengsukon na Lara Boyd, walieleza habari za watu waliopatwa na kiharusi, wakafundishwa kazi ya mkono. Waliolala baada ya mafunzo walionekana wameendelea mbele. Waliokaa macho hawakuendelea. Basi mwili ulalapo, ubongo hupanga mafunzo ya mchana, kama karani apangavyo majalada yake. Tena katika usingizi mzito, hasa mwanzo wa usiku, mwili hutoa kwa wingi homoni ya ukuaji, nayo husaidia kutengeneza viungo.

Sasa tazameni hali ya wodi. Taa huwaka, vyombo hugongana, mgonjwa huamshwa apimwe joto, kisha huamshwa tena apewe dawa. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha mwaka 1859, alikwisha kuonya kwamba makelele yasiyo ya lazima ni ukatili kwa mgonjwa, na kwamba aamshwaye katika usingizi wa kwanza ni shida kuupata tena. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wa mwaka 1999, lilisema sauti ya wodini usiku isizidi desibeli 30, yaani kama mnong'ono.

Huenda mtu akasema, wauguzi ni wachache na wagonjwa ni wengi. Ni kweli, na aliye mahututi hana budi kuangaliwa usiku kucha. Lakini aliyekwisha kuanza mazoezi si kila usiku huwa na haja hiyo, na kazi mbili zaweza kufanywa katika kuamshwa mara moja.

Kwa hiyo naomba mambo manne. Kwanza, tuendapo kumtazama mwenzetu, tukimkuta amelala tusimwamshe, na saa ya kuondoka ikifika tuondoke. Pili, mchana tumsaidie kutoka nje apate mwanga wa jua, kwani mwanga ndio uutiao usingizi katika saa zake. Tatu, tukimsikia akoroma, kisha pumzi yakatika, kisha ashtuka, tumwambie daktari. Zaidi ya nusu ya waliopatwa na kiharusi wana ugonjwa huo, wala si dalili ya usingizi mwema. Wala tusimpelekee dawa za usingizi kwa siri, maana zaweza kumchanganya akili na kumwangusha. Nne, Halmashauri iwaandikie wakuu wa hospitali, kwa heshima, kuomba utulivu wa usiku.

Husemwa mgonjwa haulizwi uji. Basi na kimya pia asiulizwe, apewe tu. Nakoma hapa, nikiomba hoja hii ijadiliwe.