Mtoto Njiti na Haki ya Kuishi



Tumekusanyika hapa Ruanda ya Mbozi kutafakari haki ya aliye mnyonge kuliko wote: mtoto njiti, hasa yule azaliwaye kabla ya wiki ya 32 ya mimba. Mapafu yake hayajakomaa, mwili wake hauwezi kujipasha joto, na mara nyingi hana nguvu ya kunyonya. Tunajiuliza: je, mahali anapozaliwa pana uzito gani katika kuishi kwake?

1. Hospitali yenye mazoea

Uchunguzi uliofanyika California, Marekani, juu ya watoto waliozaliwa kati ya 1991 na 2000 wakiwa na uzito mdogo sana, ulionyesha kwamba vifo vilikuwa vichache zaidi katika hospitali zenye huduma za juu na zinazopokea wengi wa watoto hao kila mwaka. Sababu yaeleweka. Muuguzi anayewahudumia kila siku humtambua mapema mtoto anayeanza kuzidiwa.

Hata hivyo, wingi peke yake si dawa. Wodi ikiwa na watoto wengi na wauguzi wachache, mazoea hayo hayawezi kuwafaa, na maambukizi huenea.

2. Haki ya aliye mbali

Hospitali ya rufaa ya mkoa wetu wa Songwe iko Vwawa. Ile ya kanda, pamoja na huduma zake za wazazi za Meta, iko Mbeya. Nauli isiamue nani aishi. Dalili zikionekana mapema, ni heri mama asafirishwe mtoto angali tumboni kuliko kumsafirisha kichanga baada ya kuzaliwa. Taifa limeanzisha mpango wa usafiri wa dharura wa m-mama, unaopigiwa simu namba 115 bila malipo.

3. Kifua cha mama

Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto wa gramu 1,000 hadi chini ya 1,800 waliowekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mara baada ya kuzaliwa, vifo vyao vilipungua kwa robo kuliko wale waliosubiri hali zao zitulie. Huduma hiyo ilitolewa hospitalini. Haichukui nafasi ya hospitali. Yadai kwamba mama apewe kitanda karibu na mwanawe.

4. Wajibu wetu

Manufaa ya wote hayajengwi na serikali peke yake. Kwa hiyo twapendekeza:

(a) Kila Jumuiya iwe na mfuko wa safari ya mzazi.

(b) Uchungu, damu au maji kabla ya wakati yapelekwe kituoni bila kungoja asubuhi.

(c) Mama akikaa wodini majuma mengi, majirani watunze watoto na shamba lake.

(d) Katika mikutano ya kijiji tuulize juu ya wauguzi na vifaa vya wodi za watoto wachanga.

(e) Tukomeshe maneno ya kwamba njiti ni laana.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

Je, mama wa kijijini kwetu akishikwa na uchungu usiku wa manane, nani atampeleka, na kwa chombo gani? Nani kati yetu hajaifahamu namba 115?

Mungu awabariki.