Nasaha kwa Vijana Wetu Wanaoingia Wodini



Maneno yetu leo yanawaelekea hasa vijana wetu wa udaktari waliomaliza miaka ya vitabu na maabara, ambao sasa wanazungushwa wodi kwa wodi. Sisi si matabibu. Lakini tumekaa na vijana hawa na kuwauliza walimu wao, tukaona ya kuwa mengi yanayowadhuru hayatokani na uchache wa elimu, bali na haya na haraka.

Tuanze na sindano. Kijana ametoa damu, akataka kuirudishia sindano kifuniko, ikamchoma. Akaficha kidole kwa kuchelea kukemewa mbele ya wenzake. Kuficha huko ni kosa kubwa kuliko mchomo wenyewe. Sindano iliyokwisha kutumika hairudishiwi kifuniko. Hutupwa papo hapo katika sanduku lake. Aliyechomwa na aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, asikamue jeraha, kisha atoe taarifa saa ile ile. Mchomo wa sindano yenye damu ya mwenye VVU huambukiza takriban mara 3 katika 1,000, na dawa za kinga huipunguza hatari hiyo zaidi. Lakini sharti zianzwe upesi, kabla ya kupita saa 72, na zitumiwe siku 28. Ama homa ya ini aina ya B, hiyo huambukiza kwa wepesi kuliko VVU, ilhali ina chanjo ya dozi 3 ambayo kwa kawaida hukamilika kwa miezi 6. Si jambo la kungojea mchomo. Wazazi, waulizeni watoto wenu: mmechanjwa?

Kisha mikono. Mwaka 1847 huko Vienna, tabibu Ignaz Semmelweis alitatizwa na vifo vya wazazi, vilivyokuwa vingi zaidi katika wodi ya madaktari na wanafunzi kuliko katika wodi ya wakunga. Rafikiye, Jakob Kolletschka, akachomwa kisu na mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akafa kwa maradhi yaliyofanana na yale ya wazazi. Ndipo Semmelweis alipotambua ya kuwa mikono iliyotoka kwa maiti ndiyo iliyobeba madhara, akaamuru ioshwe kwa maji ya klorini. Mwezi Aprili walikuwa wakifa wazazi 18 hivi katika kila 100. Juni wakawa kama 2. Na wale wanafunzi hawakuwa wavivu. Walikuwa wenye bidii, wakitoka darasani moja kwa moja hadi kwa mzazi.

Kuhusu mwili wenyewe tutasema machache. Anayeingia chumba cha upasuaji bila kula wala kulala huweza kuzimia; akihisi kizunguzungu aseme, arudi nyuma, aketi chini mbali na meza. Wodini afungue madirisha, na kwa mgonjwa wa kifua kikuu avae barakoa maalumu inayobana uso. Akikohoa wiki 2, akapimwe.

Limebaki la mgonjwa. Akikuita daktari, mwambie wewe ni mwanafunzi, na umwombe idhini kabla ya kumgusa. Kijana wa kiume asimpime mwanamke faraghani bila muuguzi kuwapo. Simu ya picha ibaki mfukoni, na habari za kitanda namba fulani zisisimuliwe ndani ya daladala, kwani huenda aliyeketi kiti cha mbele ni nduguye.