Kinywa cha Mbwa na Paka

Leo twataka kunena nanyi habari ambayo huenda wengine wenu mtaicheka, nayo ni habari ya meno ya mbwa na paka. Mbwa hulinda boma usiku, na paka huilinda ghala na panya. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliopata kutazama ndani ya vinywa vya wanyama hao?

Mbwa mzima ana meno 42, na paka 30. Meno yao hayatoboki sana kama yetu sisi tulao sukari. Adui yao ni ukoga. Huo hutanda juu ya jino kila siku, na usipoondolewa, baada ya siku chache hugeuka kuwa mgumu kama jiwe, wenye rangi ya manjano au ya kahawia. Karibu nao ufizi huvimba na kutoa damu, kisha mfupa ulishikao jino huliwa kidogo kidogo, hata jino likalegea. Watu husema kwamba kinywa cha mbwa hunuka kwa desturi. Sivyo, harufu mbaya ni dalili ya ugonjwa.

Tena mnyama hanung'uniki, naye huendelea kula hali ana maumivu. Basi mtazameni alapo. Yuko atafunaye kwa upande mmoja tu, yuko adondoshaye chakula, na yuko paka akijiaye chakula kwa njaa kisha akakikimbia. Mbwa akivimba chini ya jicho, watu hudhani ameumwa na nyuki. Mara nyingi ni usaha katika mzizi wa gego la juu.

Yafaa kumzoeza angali mdogo. Chukueni kitambaa laini au mswaki wa mtoto, na maji matupu, mkasugue upande wa nje wa meno, karibu na ufizi, kila siku mkiweza. Dawa ya meno ya watu msiitumie, maana mnyama hajui kutema. Tena nyingine hutiwa kitu kitamu kiitwacho zailitoli, nacho chaweza kumwua mbwa. Ukoga uliokwisha kuwa mgumu msiukwangue kwa kisu. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo, ambaye humlaza mnyama kwanza kwa dawa ya usingizi. Na mifupa, ambayo wengi husifu kuwa ndiyo mswaki wa mbwa, ile migumu huvunja magego, na iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha.

Sasa sikilizeni sana. Mbwa akitokwa na udenda, taya lake likining'inia, asiweze kumeza, wengi hudhani amekwamwa na mfupa, wakatia mkono kuutoa. Msitie mkono kamwe! Huenda ni kichaa cha mbwa, nacho huambukizwa kwa mate, hata penye mchubuko mdogo. Na dalili zake zikiisha kumtokea mtu, ni nadra mno kupona. Paka naye aweza kuwa nacho. Msimguse mnyama huyo, watengeni watoto, mkampelekee bwana mifugo habari upesi. Na mtu aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate penye jeraha, aoshe mahali pale kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile apate chanjo, asingoje kuona kama mbwa atakufa.