Nani Atagonga Mlango? Kujiandaa kwa Mlipuko wa Kifua Kikuu Mahali Kilikosahaulika



Kwenye kliniki niliyojifunzia kazi, mgonjwa alikuwa akiulizwa "Unakohoa tangu lini?" hata kabla hajakaa sawasawa kwenye benchi. Akijibu wiki mbili, anakabidhiwa kikopo cha makohozi. Hakuna aliyesimama kufikiri, mikono ilishazoea. Leo naomba tuzungumzie nchi ambazo mikono hiyo imesahau. Shirika la Afya Duniani (WHO) huziita nchi za kiwango cha chini: wagonjwa wapya hawafiki 10 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Huko daktari anaweza kustaafu asimwone mgonjwa wa kifua kikuu (TB) hata mmoja. Mtu anakohoa miezi mitatu, anapewa antibayotiki, anabadilishiwa antibayotiki, anaambiwa labda ni pumu, na muda wote huo anaendelea na kazi, kanisa na baa kama kawaida yake.

Mfano wangu ni Marion, mji mdogo wa watu wapatao 3,600 katika jimbo la Alabama, Marekani. Mlipuko ulianza kuonekana mwaka 2014. Kufikia Januari 2016 wagonjwa walikuwa wamepita 20, na watatu walikuwa wamefariki. Kwa hesabu ya mwaka mmoja, ni kama wagonjwa 253 kwa kila watu 100,000, ilhali wastani wa jimbo zima ulikuwa kama 2.5. Kiwango hicho kilikaribiana na makadirio ya WHO kwa Kenya wakati ule. Nilipokisoma mara ya kwanza nilidhani aliyechapa amekosea nukta.

Dawa zilikuwepo. Maabara zilikuwepo, tena za kutuonea sisi wivu. Kilichokwama ni mlango. Watumishi wa idara ya afya ya jimbo walipita nyumba kwa nyumba, wengine hawakufunguliwa. Wagonjwa waligoma kutaja watu waliokaa nao karibu. Ni rahisi kusema ni ujinga, na wapo waliosema hivyo. Lakini wenyeji wengi wa Marion ni Wamarekani weusi, na wanakumbuka. Kule Tuskegee, katika jimbo hilohilo, idara ya afya ya serikali kuu iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 kuanzia 1932 hadi 1972, wengi wao wakiwa na kaswende, ikawaacha bila tiba ili ione ugonjwa unaishia wapi. Na ni hapohapo Marion, Februari 1965, askari wa jimbo alimpiga risasi kijana mweusi, Jimmie Lee Jackson, kifo kilichochochea maandamano ya Selma ya kudai haki ya kupiga kura. Sasa mtumishi wa jimbo hilo anabisha hodi na kuuliza, "Jana usiku ulikuwa na nani?" Wewe ungejibu?

Mwanzoni mwa 2016 idara ilibadili mbinu, ikaanza kutoa pesa: dola 20 kwa kupimwa, 20 kwa kurudi kuchukua majibu, 20 kwa kwenda kupigwa picha ya kifua, na 100 kwa atakayemaliza dawa. Watu walijitokeza kwa mamia. Najua wengi humu ndani mnakunja uso, maana tumefundishwa kwamba ukimlipa mgonjwa unamharibu. Mimi nasema walifanya sawa, kosa ni kuchelewa. Zile dola 20 za kurudi ndizo nazipenda kuliko zote, na aliyewahi kusoma kipimo cha ngozi ataelewa kwa nini. Unachoma dawa kidogo mno, sehemu moja ya kumi ya mililita, ndani ya tabaka za ngozi ya mkono. Kinatokea kivimbe kama cha mbu, kinanywea. Baada ya saa 48 hadi 72 unapapasa kwa kidole kutafuta ugumu, unaweka alama za kalamu pande mbili, unapima kwa rula. Wekundu hauhesabiwi. Mtu asiporudi ndani ya siku hizo, kazi yote imepotea. Na kurudi kuna nauli, kuna siku ya kibarua iliyokatwa. Pesa ile haikuwa rushwa, ilikuwa nauli.

Kuhusu majina nina ushauri mmoja unaotokana na kazi yenyewe: usianze na majina. Uliza mahali. "Ukitoka kazini hupitia wapi? Karata mnachezea kwa nani? Jumapili gari la kanisani mnapanda wangapi?" Anayeona kutaja rafiki ni kumchoma hatakuwa na shida kutaja kibaraza. Ukienda kupima kibaraza kizima, hakuna aliyechongewa.

Jambo jingine ambalo mipango mingi hulipa aya moja tu ni muda. Bakteria huyu hana haraka. Mtu aliyeambukizwa leo anaweza kupimwa kesho akaonekana salama, kwa hiyo kipimo hurudiwa baada ya wiki 8 hadi 10. Na wengi walioambukizwa hawaugui kabisa. Wanaougua ni kama asilimia 5 hadi 10 maishani, wengi wao ndani ya miaka miwili ya kwanza. Kule Llwynhendy, Wales, mlipuko ulianza 2010. Mwaka 2019 walikuwa bado wanapanga watu foleni kuwapima, na ripoti huru ya 2022 ilieleza kwamba nafasi za kuuzima zilipotea miaka ya mwanzo. Ukitangaza mlipuko umekwisha kwa sababu miezi sita imepita kimya, umejidanganya.

Ukimya una madhara mengine pia: unakata bajeti. Jiji la New York lilipunguza huduma za TB kwa kuwa wagonjwa walikuwa wachache. Kati ya 1978 na 1992 wagonjwa waliongezeka karibu mara 3, wakafika 3,811, wengine wakiwa na usugu wa dawa. Na msidhani nchi tajiri haiishiwi dawa: 2012 na 2013 Marekani nzima ilihangaika kutafuta isoniazidi, dawa ya TB tunayoijua sote. Watengenezaji ni wachache na wateja ni wachache.

Kuna mtego pia wa kuwatazama wageni tu. Ni kweli kwamba Marekani wagonjwa wengi walizaliwa nje, na ndugu zetu waliohamia huko kutoka Kongo na Burundi walipimwa kabla ya kupanda ndege. Lakini Marion haikuwa habari ya wageni. Daktari anayewaza TB akisikia lafudhi peke yake atampita jirani yake mwenyewe.

Mchana tutagawanyika makundi manne, na naomba kila kundi lichukue zoezi hili. Wilaya yenu haijapata mgonjwa wa TB kwa miaka minne. Ijumaa saa kumi jioni, maabara inapiga simu: fundi magari wa miaka 41, makohozi yamejaa bakteria, amekohoa tangu Ramadhani. Anaishi na mke, watoto watatu na mama mkwe, na kila jioni hukaa kijiweni na wenzake kama kumi. Andikeni majina, si vyeo: nani atasoma picha yake ya kifua usiku huo, nani anapajua kijiweni na anapokewa pale, dawa kinga za dozi 12, moja kila wiki, zipo za watu wangapi na ziko kwenye kabati gani, nauli itatoka fungu lipi bila kusubiri saini ya Jumanne. Kundi litakaloandika "mratibu husika" nitalirudishia karatasi.