Bendi Inayoshika Kazi Yote: Albamu Tatu za Just A Band



Tukitaja bendi huru, aghalabu huwa tunawafikiria wanamuziki wasio na mkataba na kampuni kubwa. Maana hiyo haitoshi. Kenya wako wengi wasio na mkataba wowote, lakini sura ya nyimbo zao huamuliwa na mwenye studio. Hoja yangu jioni hii ni kwamba uhuru wa bendi hupimwa kwa kiasi cha kazi inayoishika kwa mikono yake yenyewe. Mfano wangu ni Just A Band ya Nairobi.

Kundi hili lilichipuka kwa wanafunzi waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta, likaja kujulikana kwa majina manne: Bill Sellanga, maarufu kama Blinky Bill, Dan Muli, Jim Chuchu na Mbithi Masya. Zama hizo jiji lilikuwa likicheza mitindo ya genge, kutoka studio ya Calif Records, na kapuka, kutoka studio ya Ogopa Deejays. Katika mfumo ule, prodyuza ndiye aliyekuwa na mdundo, na msanii alifika studio kuujazia maneno. Vijana hawa waliketi upande wa prodyuza. Walitunga midundo yao kwenye kompyuta, wakaiimbia wenyewe, kisha wakaitengenezea video.

Albamu ya kwanza, *Scratch to Reveal*, ilitoka mwaka 2008. *82* ikafuata mwaka 2009, na *Sorry for the Delay* mwaka 2012. Humo mna house, funk na disko. Tazameni majina ya nyimbo: “Iwinyo Piny” ni Kidholuo, “Usinibore” ni Kiswahili cha vijana wa Nairobi, “Probably for Lovers” ni Kiingereza. Hawakuchagua lugha moja ili kumridhisha msikilizaji wa kubuni. Waliimba kama jiji lao linavyozungumza.

Tuingie ndani ya kazi yenyewe. Wimbo wa house hukimbia kwa mapigo kama 120 au zaidi kwa dakika, na ngoma kubwa hugonga katika kila pigo. Kompyuta hulirudia pigo hilo bila kuchoka wala kukosea, na hapo ndipo penye hatari: usawa huo ukiachwa peke yake, masikio huzoea, mwili hupoa. Kwa hiyo mtunzi hufanya kazi kwa matabaka. Analeta besi, anaondoa kinanda, ananyamazisha ngoma kwa mizunguko michache, kisha anairudisha pale msikilizaji anapoanza kuitamani. Ustadi uko katika kuondoa sawasawa na kuongeza, na anayeshika faili zote ndiye mwenye mamlaka ya kuondoa.

Mamlaka hayo yalionekana wazi mwaka 2010, ilipotoka video ya “Ha-He” kutoka albamu ya *82*. Shujaa wake, Makmende, alipigwa picha kwa mtindo wa filamu za mapigano za miaka ya 1970. Kwa siku chache Wakenya mtandaoni walimtungia vichekesho na mabango, naye akavuka mipaka ya nchi. Picha ile haikuwa pambo lililobandikwa juu ya wimbo, kwa kuwa watungaji wa sauti ndio waliokuwa watungaji wa picha. Haishangazi kwamba baadaye Chuchu aliongoza filamu ya *Stories of Our Lives* (2014), na Masya akaongoza *Kati Kati* (2016).

Vyuo vyetu vina jukumu hapa. Tunafundisha muziki katika idara moja, filamu katika nyingine na kompyuta katika ya tatu, ilhali kazi hizi zilizaliwa pale vijana walipozichanganya. Napendekeza wanafunzi wa idara hizo tatu watengeneze albamu moja kwa pamoja, kama sehemu ya shahada yao. Na maktaba zetu zipokee faili za kazi za bendi zetu, matabaka yote, kwa idhini ya wasanii na haki zikibaki kwao. Diski zinaharibika kila mwaka. Tusipozihifadhi sasa, wajukuu wetu watausikia wimbo uliokamilika, wasijue ulivyotengenezwa.