Kanisa na Jamaa za Jirani
(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano wa Mwaka, Nakuru)



Nimepewa nafasi niseme machache juu ya jinsi makanisa yawezavyo kuanza kuzihudumia jamaa za hapa petu.

Mwaka 1992, mapigano yalipozuka Molo, na tena mwaka 2008, jamaa nyingi zilikimbilia nyua za makanisa. Wengine walilala katika Uwanja wa Maonyesho hapa Nakuru. Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeongoza Jimbo la Nakuru tangu 1971 hata 1996, aliwatetea waziwazi waliofukuzwa makwao.

Lakini je, tungoje vita ndipo tumjue jirani? Nakiri kosa letu. Kanisani kwetu tulimpelekea mjane mmoja blanketi, tukarudi tukijisifu. Baadaye tulipata habari kwamba blanketi alikuwa nalo. Alilokosa ni mtu wa kumwangalia mtoto mgonjwa ili yeye aende kibaruani. Hatukumwuliza.

Kwa hiyo mimi karani nasema, kazi ianze kwa daftari kabla ya mchango. Wazee wawili na akina mama wawili wapite mtaa mmoja, nyumba kwa nyumba, kwa waumini na wasio waumini, wakauliza shida zao na kuziandika. Daftari lisisomwe hadharani, kwa kuwa kila mtu ana heshima yake. Kisha lichaguliwe jambo moja liwezekanalo, litimizwe, ndipo lifuate la pili.

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga.