Kumwosha Mbwa Nyumbani

Somo la leo huenda likawachekesha baadhi yenu, na wengine watanyosha mkono kufunga redio. Nataka kuzungumza nanyi juu ya kumwosha mbwa. Tafadhali ngojeni kidogo.

Sisi watu wa pwani, kutoka Moa hata Pangani, wengi wetu tumelelewa katika madhehebu ya Shafii. Tumefunzwa tangu utotoni kwamba mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mara moja katika hizo kwa udongo. Lakini mbwa wa kuwinda na wa kulinda shamba hakukatazwa, na mwenye muhogo wake kule Muheza ajua kwamba pasipo mbwa, watakaovuna ni ngedere na nguruwe mwitu. Basi mbwa yupo. Na akiwapo bila kuoshwa, hutujazia nyumba kupe na viroboto.

Jirani yangu mmoja alimwosha mbwa wake katika karai la kufulia. Mkewe alikataa kulitumia tena karai lile, nami naona mama yule alikuwa na haki. Mwisho bwana alinunua karai jingine, akalipaka rangi nyekundu ukingoni, likawa la mbwa peke yake. Nanyi fanyeni hivyo: karai lake, kopo lake, kitambaa chake, na nguo kuukuu ya yule atakayeosha. Mahali pawe mbali na kisima.

Osheni asubuhi, jua likiwa limepanda, ili mbwa akauke kabla ya jioni. Vijana hupenda kumpeleka baharini. Si vizuri, maana chumvi hubaki katika manyoya na ngozi ikamwasha. Maji yawe ya kawaida au vuguvugu. Kabla ya kumlowesha mwili, mpakeni povu la sabuni shingoni pote kama ukosi. Viroboto wakihisi maji hukimbilia kichwani na masikioni. Povu lile huwazuia njiani. Kisha sugueni mgongo, tumbo, mapaja na katikati ya vidole, mkaache povu kwa dakika tano au zaidi. Uso upanguseni kwa kitambaa chenye maji, na masikioni msimwage maji. Mwisho suuzeni sana, kwani sabuni iliyobaki humletea ukurutu.

Kupe hawafi kwa sabuni. Mtoeni mmoja mmoja kwa kibano, mkishika karibu kabisa na ngozi na kuvuta polepole bila kuzungusha, kisha mtieni katika kopo la mafuta ya taa. Msimpake mbwa mwenyewe mafuta ya taa, humchoma ngozi. Tena kupe wa mbwa hutagia maelfu ya mayai katika nyufa za kuta, na nyumba zetu za miti na udongo zina nyufa nyingi. Zibeni nyufa za banda lake, na makumbi anayolalia yachomeni moto.

Kuna watu huchota dawa ya josho la ng'ombe, au dawa ya pamba, wakammwagia mbwa. Wengine wamewaua mbwa wao kwa njia hiyo. Mwulizeni bwana mifugo dawa gani na kipimo gani. Na mwenye paka aangalie sana: dawa nyingine za mbwa, hasa zenye pemethrini, humwua paka.

Sasa jambo ambalo kwa ajili yake hasa nimeomba msifunge redio. Mbwa akigeuka tabia ghafla, mpole akawa mkali au mkali akajificha, akatokwa na mate, akashindwa kumeza, msimwoshe. Wala msimtie mkono kinywani mkidhani amekwamwa na mfupa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Mfungieni bila kumgusa, mkamwite bwana mifugo.

Na mtu akiumwa na mbwa, au akirambwa penye jeraha, sabuni ileile ya mche ndiyo dawa ya kwanza: osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili. Msipake majani wala kahawa. Kisha nendeni hospitali siku hiyohiyo, Bombo au iliyo karibu, kwa chanjo. Pasteur alimchanja mtu kwa mara ya kwanza mwaka 1885. Lakini dalili zikisha kutokea, karibu hapana anayepona. Ng'ambo yetu, Pemba, ugonjwa ulikomeshwa, ukarudi mwaka 2016, ukakomeshwa tena mwaka 2018, na kazi hiyo ilifanywa kwa kuchanja mbwa.

Kwa hiyo siku ya kumwosha, tazameni pia kadi yake ya chanjo. Ikiwa imepita miezi 12, mpelekeni akisha kukauka. Kwaherini.